Jino la Sita la Chanuo

Mkono wa kushoto wa bibi yangu niliuona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Ulikuwa umelala juu ya meza yangu ya kazi, chini ya taa, laini kama wa mtoto kwa kuwa jua halikuwahi kuufikia. Bibi mwenyewe alikuwa ameangalia pembeni, kama mtu aliyeleta mgeni asiyejua atapokewaje.

"Usinitumbulie macho, mume wangu," alisema. "Fanya kazi."

Aliniita mume wake tangu siku niliyozaliwa, nami nilimwita mke wangu, na ugomvi wetu wote ulikuwa wa utani. Siku ile sauti yake haikuwa na utani hata chembe.

Bibi alikuwa fundi cherehani. Magauni yake alijishonea mwenyewe, na yote yalikuwa na kasoro ileile: mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole vinne, ukafungwa kwa kifungo. Nyumbani tuliambiwa kwamba huo ndio mkono mbovu, una baridi yabisi, hautaki upepo. Kwa ajili yake Bibi hakukamua nguo wala kubeba ndoo maisha yake yote. Mama yangu, bintiye wa pekee, alikamua na kubeba yeye. Hakuna aliyejiuliza mbona mkono mbovu uliweza kusukuma vitambaa vizito kwenye cherehani kutwa nzima bila kulalamika.

Nami, kati ya kazi zote za duniani, nikachagua kuchora watu tatuu. Mama alilia siku tatu, kisha akawaambia majirani kwamba mwanawe ni fundi wa mabango. "Mwili si ukuta," aliniambia, na hakuwahi kukanyaga dukani kwangu. Nilidhani Bibi yuko upande wake, maana kila maneno hayo yalipoanza aliinuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Asubuhi ile alimuaga Mama kwamba anakwenda kupima macho. Akaja kwangu, akaketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. Kando yake alikuwapo karani wa benki, msichana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, amekuja nimwongezee jani kwenye ua lililozunguka kifundo cha mkono wake.

"Mwanangu," Bibi akamuuliza, "kazini wanakuona na hiyo?"

"Wananiona, bibi. Meneja wetu anayo shingoni."

Bibi aliutazama ule mkono mpaka msichana akaanza kuona haya. "Mimi walinirudisha mlangoni," alisema polepole. "Nilikwenda kuomba uuguzi. Wakatuambia tukunje mikono ya nguo. Matroni akasema pale hawachukui wahuni."

Nilisikia nikiwa nimeshika chupa ya wino, na sikuelewa. Nilielewa karani alipoondoka na Bibi akafungua kile kifungo. Kwenye ngozi ya ndani palikuwa na alama iliyofifia, ya kijani kilichochujuka: mstari mmoja, na mistari sita ikishuka kutoka kwake.

"Ni reki?" nikauliza.

"Reki ni wewe. Ni chanuo." Akaigusa kwa kidole. "Inazama. Kila nikioga naiona inazama. Nirudishie juu."

Nilifanya kama ninavyomfanyia kila mteja. Nikatandaza karatasi nyembamba juu ya mkono, nikanakili, na kalamu yangu ikafuata mazoea yake. Meno matano yalisimama wima, la sita lilikuwa limepotoka likakimbilia kwenye kiganja, basi nikalinyoosha. Wala sikufikiri. Watu huniletea makosa ya mafundi wengine nami huyarekebisha, ndiyo sifa yangu mjini. Nikamwonyesha Bibi ile karatasi kwa majivuno kidogo.

Akaweka kidole juu ya jino la sita. "Nani amekutuma unyooshe?"

"Limepinda, bibi."

"Najua limepinda. Hapo ndipo alipo yeye."

Ndivyo nilivyojua kwamba Bibi alikuwa na dada. Dada alikuwa na miaka kumi na saba, yeye kumi na mitano. Kila asubuhi dada alimchana nywele wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya mlangoni, na siku moja wakaamua kuchorana chanuo, sindano ya kushonea imefungwa kwenye kijiti, wino ni masizi ya taa. Dada alikuwa kwenye jino la sita mama yao alipofungua mlango ghafla, amerudi kuchukua mwavuli aliousahau. Dada akashtuka, sindano ikaburuzika.

"Tulipigwa tukiwa bado tunacheka," Bibi alisema. "Mwaka haukuisha, homa ikamchukua. Hakuacha picha. Nguo zake nilizivaa mpaka zikaisha. Haya meno matano angeweza kuyachora mtu yeyote. Hili ni lake."

Nikavuta taa yenye kioo cha kukuzia. Nilikuwa nimeifanya kazi hii miaka minane na sikuwahi kuona kitu kama kile. Meno matano yalikuwa nukta tupu, moja baada ya nyingine, zenye subira. La sita lilianza vivyo hivyo, nukta nne, kisha nukta zikakoma na mkwaruzo ukaanza. Hapo katikati, penye upana wa punje ya mchele, mlango ulikuwa umefunguliwa. Zaidi ya miaka sitini ilikuwa imepita na msichana yule alikuwa bado anashtuka. Niliogopa kuugusa mkono ule.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Ngozi ya mzee ni ganda la kitunguu. Sindano ikizidi kina kidogo tu, wino husambaa kama tone kwenye nguo mbichi, na hapo dada angezama chini ya doa langu moja kwa moja. Nilijaribu kuuiga ule mkwaruzo kwenye karatasi mara tatu. Bibi alitikisa kichwa mara zote tatu.

"Hilo limepinda kwa adabu," alisema.

Nikazitupa karatasi. Nikaiweka kando mashine ya kuchorea, nikachukua sindano ya mkono, nikaanza kufuata nukta za marehemu, moja moja, jino la kwanza mpaka la tano. Kisha zile nne.

"Usitikisike, bibi."

"Hata siku ile sikutikisika mimi. Alitikisika yeye."

Nikashusha pumzi nikaburuza. Chini ya sindano palikuwa na mfereji mwembamba wa kovu ambao jicho halikuuona, na sindano ikatumbukia humo ikaenda yenyewe, mimi nikifuata nyuma. Mtu aliyekufa kabla mama yangu hajazaliwa alinishika mkono akanionyesha njia. Na wakati ule ule Bibi aligeuza kichwa akatazama mlangoni.

Hakuna aliyeingia. Nilipanguza damu na wino, na chanuo likatokea, jeusi, na jino lake lililopotoka.

Mama alifika nikiwa bado natafuta bandeji. Alikuwa amemfuata Bibi kwenye kliniki ya macho asimkute, akaja kuniuliza kama nimemwona. Alisimama kizingitini, mkoba ameukumbatia, akautazama ule mkono ulio wazi.

"Mama," alisema. "Mkono wako."

"Mzima, mwanangu. Unisamehe zile ndoo."

Nilijiandaa kwa mvua ya maneno. Bibi akauinua mkono kuelekea kwake. "Huyu ni mama yako mkubwa," alisema. "Hamjawahi kuonana."

Mama alinitazama mimi, kisha akasogea mpaka kwenye taa. Alikaa pale muda mrefu, macho yakishuka jino kwa jino mpaka la mwisho. Akauweka mkoba sakafuni.

"Shikamoo," aliuambia mkono.

Bibi akaitikia kwa niaba ya dada yake.