Picha ya Kamati ya Nidhamu

Kitu kisichofaa hakijawahi kupenya kwenye kurasa zangu. Nasema zangu, ingawa ni za chama cha mpira wa wavu, kwa sababu kabla sijazishika zilikuwa zimekufa kabisa. Kila kamati ilikuwa na ukurasa wake kwenye tovuti, na kila ukurasa ulikuwa na picha ileile ya watu waliokunja nyuso kana kwamba mpiga picha kawakanyaga vidole. Mimi ndiye niliyezifufua. Picha ikipinda nainyoosha. Mjumbe akiandika hotuba ndefu kuhusu soksi za wachezaji, naikata mpaka isomeke na mtu mwenye haraka zake. Uliza yeyote pale chamani, atakwambia kijana huyu ana jicho.

Mama Katibu alikuwa na sharti moja tu: kila kinachobandikwa kipitiwe na watu wawili. Mimi naandaa, kisha Mzee Filimbi, mwenyekiti wa kamati ya waamuzi, anaingia kwa jina lake na kukiruhusu. Huyu mzee anaweza kuona kidole cha mguu kikigusa mstari akiwa upande wa pili wa ukumbi, lakini simu humtoa jasho.

"Mwanangu, hilo neno la siri nitunzie wewe," aliniambia. "Mimi linanitoroka."

Nikamtunzia. Tangu hapo wale watu wawili tukawa mimi na mimi, na hatukuwahi kukosana.

Siku moja nilipita kwenye chumba cha mikutano nikakuta Kamati ya Nidhamu imekaa, mwanga wa dirisha umewaangukia vizuri, hata mwenyekiti anaonekana ana huruma. Nani angeiacha hiyo? Nikapiga picha nikiwa mlangoni. Jioni, nimejilaza kwenye kochi nyumbani, nikaibandika na maneno yangu matamu: "Kamati ya Nidhamu ikisikiliza malalamiko leo. Nidhamu haina likizo!" Nikaingia kwa jina la Mzee Filimbi, nikajiruhusu, nikajipongeza.

Kesho yake mchana nilikuwa ofisini, kile chumba kilichobanwa chini ya majukwaa ya ukumbi kwa ukuta wa plaiwudi. Rafiki yangu anayefunga nyavu za uwanja akanitumia ujumbe: "Mwanangu, dada yako kafanya nini mpaka kaitwa nidhamu?"

Nikamjibu kwa vicheko. Kisha nikaifungua picha, nikaivuta ikawa kubwa.

Nyuma ya mwenyekiti kulikuwa na mlango wa kioo unaotokea kwenye korido ya wanaosubiri. Ndani ya kioo amesimama msichana mrefu, kichwa amekiinamisha. Mdogo wangu huinamisha kichwa hata kwenye milango iliyomzidi urefu, ndiyo maana nyumbani tunamwita Mlingoti. Koti la timu. Mkono mmoja ameukumbatia kifuani.

Nikaipunguza, nikaivuta tena: ni yeye.

Hakuwa ameitwa. Alikwenda mwenyewe. Ukumbini kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hajui, Kocha wa timu ya wasichana anavyoadhibu. Ukikosea unasimamishwa ukutani, mikono chini, naye anakupiga mipira kutoka karibu, kwa nguvu zake zote, na ole wako ujikinge. Kuna mchezaji alipasuka ngoma ya sikio, taarifa ikasema ameteleza bafuni. Nami ndiye niliyeibandika ile taarifa, tena nikairekebisha isomeke vizuri.

Sasa kuna mtu alikuwa amesema. Kamati humwahidi kila mlalamikaji kwamba hatajulikana. Mimi nikamtundika mbele ya dunia nzima na alama ya mshangao juu yake.

Nikateremka chini kwenye maoni. La kwanza lilikuwa la Kocha: "Kazi nzuri, vijana." Na kidole gumba.

Kuondoa kitu nako kulitaka watu wawili, basi nikaingia kama mimi, nikaingia kama Mzee Filimbi, nikakosea neno la siri, nikakosea tena. Mwishowe picha ikatoka. Nikashusha pumzi, lakini kabla haijafika chini mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Bwana Mitandao!" Ni Kocha. "Mbona ile picha imepotea?"

"Ipi hiyo, Kocha?"

"Ya Kamati ya Nidhamu. Naitazama, mara haipo."

"Aa, ile! Ilikuwa na giza. Mwenyekiti alionekana kama amefuga ndevu."

Akacheka. Nami nikacheka, tena kumzidi, mpaka nikajisikia vibaya. Alivuta kiti akakiweka kati yangu na mlango, akakaa.

"Bahati nzuri niliihifadhi." Akanielekezea simu yake. Kile kioo alikuwa amekivuta kikajaa skrini nzima. "Huyu hapa. Si dada yako huyu?"

Mimi nina mdomo. Shuleni mwalimu alinifukuza darasani, nikamchekesha huko huko mlangoni akanirudisha. Majibu yalikuwepo tele: kioo kinadanganya, makoti yote ya timu yanafanana, simjui. Nikaufungua mdomo nichague moja.

Kocha akaniwekea mkono begani. Mkono ule ule. Hakubana, aliuacha tu pale na uzito wake.

"Nakuuliza kwa wema, mdogo wangu."

"Ndiyo, Kocha," nikasema. "Ni yeye."

"Alikwenda peke yake?"

"Nadhani peke yake."

"Haya." Akanipigapiga bega, akasimama, akarudisha kiti mahali pake kwa adabu. "Mwambie leo asikose mazoezi. Nataka nimfundishe kupokea mipira."

Nikasikia viatu vyake vikilia kwenye sakafu ya ukumbi mpaka vikanyamaza. Nikabaki nimeishika meza.

Mlango ukasukumwa tena, safari hii polepole, akaingia Mlingoti, begi la mazoezi begani, kichwa amekiinamisha.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, Mlingoti wetu! Umekuja kutafuta bendera?"

Hakucheka. "Wenzangu wanasema nimeonekana kwenye picha."

"Ilikaa kidogo tu. Nimeshaitoa."

"Kocha ameiona?"

Macho yake yalikuwa makavu, lakini karibu na kiwiko cha ule mkono alioukumbatia kwenye picha niliona wekundu wa mviringo, alama ya mpira.

"Nataka kujua kabla sijaingia huko, kaka. Kama hajui, nafanya mazoezi kama kawaida, Kamati imesema itakaa naye kesho. Kama anajua, siingii. Basi."

Nilipaswa kusema neno moja tu. Lakini alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni, nilipokuwa nikimfukuzia mbwa wa jirani, na mimi nikaona aibu kuliko nilivyoona hatari.

"Hajaiona," nikasema.

"Hajapita hapa?"

"Alipita. Kaulizia ratiba ya mechi."

"Ratiba."

"Ndiyo. Nikamtania kidogo, akaenda zake. Wewe usiwe na wasiwasi, nipo mimi hapa."

Mlingoti akaliteremsha begi taratibu, akaliweka sakafuni. Akanyoosha kidole, akagonga ukuta wa plaiwudi nyuma ya kiti changu. Ukalia kama boksi tupu.

"Nilimwona anakuja, nikajibanza kwenye benchi la huko nyuma," alisema. "Nimekaa hapo mwanzo mpaka mwisho. Nimesikia alivyokuuliza, kaka, na nimesikia ulivyomjibu."

Kule ukumbini mpira ukaanza kugongwa ukutani, mmoja, mzito, wa mtu anayepasha misuli.

"Haya niambie tena," akasema mdogo wangu. "Niingie?"