Filamu Aliyofia Mumewe

Mshonaji alifunga duka Jumamosi mchana kweupe, jambo ambalo hata kwa harusi ya mpwa wake hakulifanya. Jirani yake muuza viatu akamuuliza, "Mama, kulikoni? Unaumwa?" Akamjibu kwamba anakwenda sinema. Muuza viatu akacheka mpaka akashika mlango. Sinema! Mama mzima, mjane, magoti yanamlalamikia kila akipanda ngazi, anakwenda sinema peke yake! Mshonaji akajifunga mtandio wake vizuri, akaondoka. Angemwambia nini? Kwamba anakwenda kumtazama mume wake?

Na ndivyo ilivyokuwa, tucheke tusicheke.

Enzi za ujana wake, huyo mume alipata kibarua kwenye filamu za vita. Kampuni ya filamu ilikuja na mizinga ya mbao na malori mawili makuukuu, ikageuza machimbo ya mchanga nje ya mji kuwa jangwa, ikatangaza kwamba inatafuta vijana wa kufa. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kufa. Unavikwa gwanda, unaonyeshwa mahali, unalala juani mpaka uambiwe amka. Aliifanya kwa moyo wote, hata wenzake wakambandika jina la Maiti, na jina likamganda mpaka kwenye karakana ya mabasi alikokuja kufanya kazi baadaye. Watu walikuwa wakibisha hodi nyumbani wanauliza, "Maiti yupo?" na mkewe anawajibu, "Yupo, anakula." Siku alipokufa kweli, fundi mwenzake alipigiwa simu akaambiwa Maiti amefariki, akaikata kwa hasira akidhani anataniwa.

Filamu zenyewe mkewe hakuwahi kuziona. Zilikwenda kuonyeshwa huko zilikoonyeshwa. Maiti hakujali. "Siku moja utaniona," alikuwa akisema huku akijipiga kifua. "Ile ya kikosi kinachotafuta kisima. Nimekufa vizuri pale, we acha tu!"

Sasa kidonda kilikuwa hapa. Mshonaji alikuwa anaisahau sura ya mumewe. Picha zao zote zililowa paa lilipovuja, zikagandana, ukibandua moja unachana mbili. Iliyosalimika ni ya kitambulisho, ya siku za mwisho, mashavu yamevimba kwa dawa, macho yamemtoka utadhani kakamatwa na polisi. Ugonjwa ulikuwa umechukua muda mrefu, ukaifuta ile sura ya zamani ukaweka ya kwake. Akifumba macho alimwona mgonjwa tu. Yule kijana aliyeingia dukani siku moja na suruali iliyochanika, akataka ishonwe hivyo hivyo akiwa ameivaa, hakumpata tena. Alimtafuta akiwa kwenye cherehani, akiwa anaoga, akiwa mezani na sahani yake moja. Wapi! Ilimtisha, na ilimtia haya pia, maana mke gani huyo anayesahau uso wa mumewe? Hakumwambia mtu yeyote.

Habari za filamu alipewa na binti yake, anayeishi mbali na kupiga simu Jumapili. "Mama, ule ukumbi wa zamani wa sinema wameufungua. Wanaonyesha filamu za vita za jangwani, zile nyeusi na nyeupe. Jumamosi wanaonyesha ile ya kisima, ya baba. Lakini usiende peke yako."

"Nitakwenda na mtu," akasema.

Mtu mwenyewe nani? Dada yake alishahamia kwa wanawe, na shoga yake wa siku zote alikuwa kitandani hajiwezi. Akaenda na mkoba wake.

Ukumbi ulinuka vumbi na dawa ya panya. Nyuma kabisa walikaa kijana na mchumba wake, waliokuja kwa shughuli zao wenyewe, si kwa ajili ya vita. Mbele alikaa mzee mmoja mwenye kofia, ametulia kama yuko sebuleni kwake. Mshonaji akakaa kiti cha pili kutoka kwake, akafuta miwani anayotungia uzi, akaivaa, taa zikazimwa.

Mchanga. Mchanga, mchanga, na mchanga tena. Wanaume midomo imewapasuka kwa kiu, wanatembea hawasemeshani. Hakuna mwanamke hata wa kupita njia. Usiku wanakaa karibu karibu, lakini kila mmoja anatazama upande wake, kama mtu anayejua hakuna anayemngojea. Hao aliwaelewa kabisa. Nani anampiga nani, hilo hakulishughulikia. Kila bunduki ilipolia alisogea ukingoni mwa kiti na kuwakodolea macho walioanguka. Wakaanguka wa kwanza. Wakaanguka wengine. Wote wakalala nyuso zao mchangani.

"Mbona wote kifudifudi?" akauliza kwa sauti, hata hakujua anamuuliza nani.

Mzee mwenye kofia akageuka, amefurahi kupata wa kumsimulia. "Makusudi hayo, dada yangu. Vibarua walikuwa wachache. Huyo aliyekufa leo, kesho anavikwa gwanda la adui anakufa tena. Sasa sura ikionekana si watu watauliza, huyu si tulishamzika?" Akacheka peke yake.

Kumbe! Kumbe mumewe alikuwa anajua miaka yote kwamba uso wake haumo! Siku moja utaniona, siku moja utaniona, utaona nini? "Muongo mkubwa wee," mshonaji akamnong'oneza humo gizani, kwa hasira ileile ya jikoni kwao, na machozi yakamtoka. Akavuta mkoba, akainuka aende zake.

Nyuma, wale wachumba wakaangua kicheko. "Muone, muone yule! Anapumua!"

Mshonaji akageukia pazia la sinema. Kikosi kilikuwa kimefika kisimani, na wafu wamelala wametapakaa. Mbele yao wote, karibu kabisa, alilala mmoja, mkono mmoja kaubana chini ya kifua, mwingine kaunyoosha, kiganja juu. Mgongo wake ulipanda. Ukashuka. Ukapanda tena, polepole, bila wasiwasi, mgongo wa mtu aliyepitiwa na usingizi kazini.

Akaketi. Mgongo ule alilala nao ndoa nzima. Bwana alikuwa na tabia ya kugeukia ukutani, na mkewe alimlaumu kwa hilo mpaka akachoka, akazoea kuuwekea kiganja ndipo apate usingizi. Kwenye ugonjwa aliukalia macho usiku baada ya usiku, ahakikishe unapanda, mpaka alfajiri ile ulipogoma. Na sasa huu hapa, mbichi, mpana, wa kijana ambaye bado hajachana suruali. Uso haukumjia. Alingoja, haukuja. Lakini mgongo ulikuwa unapanda.

"Kosa hilo," mzee akamweleza. "Mwongozaji hakuliona."

"Ni mume wangu," akasema mshonaji.

Nyuma kule kicheko kilikuwa bado kinaendelea, na mchumba wa yule kijana anaigiza sauti ya kukoroma. Mshonaji akageuka, kiti chake chote kikalia.

"Nyamazeni nyie!" akafoka. "Mtamwamsha!"

Wakanyamaza. Mzee akavua kofia. Mgongo ukashuka, mshonaji akashusha pumzi nao. Ukapanda, akavuta pumzi nao. Hapo picha ikahamia kwa kamanda anayekunywa maji, na yeye akabaki hivyo hivyo, kifua kimejaa, akingoja ushuke.