Kiapo cha Boksibodi

Nianze na injini, kwa maana ndiyo iliyokuwa inalala katikati ya nyumba yangu. Chumba chetu kilikuwa kimoja tu, landhi ya mawe, zile nyumba za safu za wafanyakazi, hapa lokesheni ya Eldoret, na siku hizo wengi wetu bado tulikuwa tunapaita Sisibo. Kitanda upande huu, jiko upande ule, na kati yao, juu ya mbao na magunia, injini. Nzito, nyeusi, inanuka. Nikienda kumwinua mtoto wangu Hellen najigonga nayo ugoko, na mume wangu haulizi kama nimeumia, anauliza kama nimegusa kabureta.

Mimi naitwa Kavetsa, mtu wa Maragoli. Mume wangu Phineas Walubengo ni Mbukusu, karani wa stoo ya mahindi, mtu wa kupiga suruali pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu nikiendelea utafikiri ni mtu mbaya. Shida yake ilikuwa moja tu, hasahau kuchekwa.

Siku aliyokuja kunichukua kwetu alikuja na baisikeli, tena ya kuazima. Baba yangu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, aliniona nimekaa kwenye karia na sanduku langu mapajani, akasema mbele ya wageni wote, "Haya, gunia la viazi linaenda soko." Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Phineas alikanyaga baisikeli mpaka kwenye basi, akanyamaza ndani ya basi mpaka Sisibo. Tulipofika, kabla sijaweka hata sanduku chini, akashika mwimo wa mlango. Majirani walikuwa wametoka kuona bibi arusi, na Mzee Wepukhulu, mzee wa kanisa letu, alikuwepo.

"Haki ya baba yangu aliyelala," Phineas akasema, "huyu mwanamke hatatoka mlango huu kwenda kwao ila ndani ya gari yangu mwenyewe."

Ukicheka, basi hujui sisi tulivyokuwa. Mtu akiapa kwa jina la baba yake aliyekufa, mbele ya watu, ameshika mlango, hilo si neno la kupita nalo hivi hivi. Mke akilivunja hana mahali pa kurudi. Atakaa kwao, na mtoto watamchukua watu wa baba yake. Mimi sokoni nilienda, kanisani nilienda, hata Plateau hospitali nilienda kujifungua. Kwetu ndiko sikuweza kwenda. Na karani wa stoo gari atatoa wapi?

Baba mwenyewe alifariki, sikwenda kumzika. Hebu fikiria hilo. Yule aliyetania kuhusu viazi yuko chini ya udongo, na utani wake bado umenifunga mimi mlangoni. Niliomba, nililia, nilikataa kupika. Phineas alikaa kitandani akashika kichwa, akasema, "Mama Hellen, nimeshaapa." Na yeye alilia, nilimwona. Lakini kulia kwake kulinisaidia nini?

Ndipo akapata hiyo boksibodi. Mbele ni gari kama gari nyingine, nyuma ni sanduku la mbao lenye mlango wake wa kupakilia mizigo. Ilikuwa ya Kaburu mmoja ambaye aliiacha nje Timboroa ikiwa na maji, baridi ikayagandisha na chuma cha injini kikapasuka. Ilivutwa na ng'ombe mpaka Sisibo, ikawekwa mbele ya nyumba, uso unaangalia barabara, sisi imetugeuzia matako. Kati ya matako hayo na mlango wangu palikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja na debe la maji.

Injini nyingine ilitoka kwa Mzee Kiptoo, mwenye mashine ya posho pale karibu na mto Sosiani. Alikuwa ameleta mashine kubwa zaidi, na hii ya zamani akaiachia Phineas. Mimi niliijua kuliko Phineas alivyoijua, kwa sababu ni mimi nilikuwa nasimama pale na mahindi yangu kila wiki.

Basi wakaanza kupanga. Nasema wakaanza kwa sababu alikuwepo Kituyi, rafiki yake, turniboi wa lori, yaani mpakiaji mizigo, ambaye tangu injini ije alijiita fundi. Kila Jumamosi baada ya kazi wanakuja, wanapima injini kwa kamba, wanatoka nje wanapima tumbo la gari kwa kamba hiyo hiyo, wanarudi kubishana. Kituyi alichora injini kwa chaki kwenye ukuta wangu, kando ya kalenda ya kanisa. Nikiifuta natafutiwa makosa. Mara mguu wa injini ni mfupi, wanatafuta kipande cha chuma. Mara gia boksi haikubali, wanatafuta mtu wa kutoboa. Mvua za masika zikaja, mvua zikaenda. Mimi nikapika nikiwa nimeruka injini, nikamwosha mtoto nikiwa nimeruka injini, kila nguo ya Hellen ikawa na doa la grisi. Nilikuwa naichukia hiyo grisi kama mke mwenza.

Wakati huo huo ikaja habari kutoka kwetu. Dada mmoja wa kanisa, Nanzala, alikuwa amepita Maragoli, akaja kuniambia polepole, ameshika mkono wangu. Jicho moja la mama yangu lilikuwa limezima. La pili lilikuwa na utando, na kila mwezi utando unaongezeka. Mama alikuwa amesema hivi: "Mwambie Kavetsa sitaki kitu chochote. Nataka kumwona mtoto wake kabla jua halijazima."

Jioni Phineas alipoingia sikumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"Mama anapofuka," nikasema. "Hajawahi kumwona Hellen."

Akasimama hapo, injini iko kati yetu.

"Wiki mbili tu, tutakuwa tumefunga injini," akasema.

"Umesema hivyo tangu mvua. Nipande basi, Baba Hellen. Nakusihi."

"Ukipanda basi, mimi niwe nani? Niliapa kwa baba."

"Basi fungeni hiyo injini," nikamwambia, "maana mpaka ifungwe, mimi ndiye nimefungwa." Alitoka nje, na baadaye nikasikia spana zikilia kwenye gari.

Nilikuwa na wazo lingine, na hilo nalo nililisema. Waliposimamisha miti mitatu pale nje na kuning'iniza cheni ya kuinulia injini, nikamwendea Kituyi.

"Shemeji," nikamwambia, "hii injini Mzee Kiptoo alikuwa anaiwasha kwa kuzungusha hendeli kwenda kushoto. Lori lako wewe unazungusha kwenda kulia. Kila siku nakuona pale dukani."

Kituyi akacheka. "Shemeji, yule mzee ni wa mkono wa kushoto. Hata chai anakunywa na kushoto. Kama angekuwa na adabu angezungusha kulia kama watu wengine."

"Kama inawashwa kushoto, si itakimbia kushoto?"

Phineas akatoa kichwa chini ya gari. "Mama Hellen, hii si mwiko wa ugali. Tuache tufanye kazi."

Nikawaacha. Walimlaumu mzee wa watu kwa mkono wake, na ni kweli sisi mkono wa kushoto hatuupendi, hata salamu hatupokei nao. Lakini injini haina mila. Nilirudi ndani nikasonga ugali wangu, hasira imenijaa, na kwa makusudi niliusonga kwenda kushoto.

Injini ikaingia. Siku hiyo niliweza kutembea nyumbani kwangu bila kuruka kitu, nikazunguka chumba kizima nimembeba Hellen kwa furaha tu. Jumamosi iliyofuata Phineas akaniambia nivae. Nilivaa gauni langu jeupe la arusi ya kanisa, nikamfunga Hellen mgongoni, nikaweka sukari, chumvi na leso ya Mama kwenye kifurushi. Phineas alitaka jambo lifanyike kwa heshima, yaani mimi nikae ndani, mlango ufungwe, yeye awashe gari, aisogeze mbele kidogo, halafu aje anifungulie mbele ya watu wote. Watu walikuwa wamejaa. Mzee Wepukhulu alikuwa amekuja na kofia yake ya Jumapili.

Mimi nikasimama nyuma ya mlango, gizani, nasikiliza. Nikasikia hendeli ikiteleza. Tena ikateleza. Kituyi alikuwa anapiga kulia, na hendeli haishiki. Kukawa kimya, halafu nikamsikia akinong'ona, "Wacha nijaribu kama yule mzee." Mara injini ikanguruma. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikacheka peke yangu ndani kama mwendawazimu. Nilikuwa tayari namwona Mama ameshika uso wa Hellen. Sikukumbuka kushoto wala kulia.

Phineas akatia gia ya kwanza, akaachia klachi.

Gari ikarudi nyuma, maana injini iliyokimbia kushoto ilizungusha magurudumu kinyume. Iliruka kwa nguvu, ikagonga ukuta wa nyumba pande zote mbili za mlango, vumbi likaniangukia kichwani, na injini ikazima. Mwanga mdogo uliokuwa unaingia chini ya mlango ukapotea. Hellen akaanza kulia.

Nikasikia makelele nje. Wanasukuma, gari haiendi, tairi la nyuma limepanda ngazi ya mlango likakwama kwenye jiwe. Wanapiga hendeli, haiwaki. Kituyi anasema mafuta yamezidi, tungoje. Mwingine anasema iletwe ng'ombe. Phineas anasema ng'ombe watapatikana Jumatatu. Jumatatu. Dirisha letu lilikuwa na vyuma. Nilikaa chini pale pale injini ilikuwa imekaa miezi yote, na nafikiri hapo ndipo nilikata tamaa kabisa. Niliona nitazeekea hapo, Mama atazima taa yake akinitafuta barabarani, na watu watasema tu, ilikuwa bahati mbaya.

Lakini hasira, ikiwa nyingi, inamsimamisha mtu. Nilisimama. Nilitaka angalau kuiona hiyo gari uso kwa uso niitukane. Mlango wetu ulikuwa unafungukia ndani, nikauvuta. Na pale mbele yangu, umbali wa kunyoosha mkono, hakukuwa na ukuta wa gari. Kulikuwa na mlango. Mlango wa nyuma wa boksibodi, ule wa kupakilia mizigo, nao unainuliwa kwenda juu.

Kwanza sikuelewa nilichokuwa naona. Halafu kiapo kikanijia chote, neno kwa neno, kama Phineas alivyokisema ameshika mwimo. Nikainua ule mlango, nikarusha kifurushi, nikapanda na mtoto mgongoni. Ndani kulikuwa na giza, magunia, na ile cheni yao ya kuinulia inatiririka grisi. Nilitambaa juu ya cheni na kifurushi changu, nikapita kati ya viti, nikafungua mlango wa mbele wa upande wa abiria, nikashuka. Phineas alikuwa bado ameshika usukani.

Watu wakaacha kusukuma.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kwetu."

"Kavetsa, niliapa."

"Uliapa sitatoka mlango huu kwenda kwetu ila ndani ya gari yako mwenyewe. Mlango ni ule. Gari ni hii. Nimetoka mlangoni nikiwa ndani ya gari yako. Kama kuna mtu ameona mguu wangu ukikanyaga chini kabla ya hapo, aseme."

Phineas akamtazama Mzee Wepukhulu. Nami nikamtazama, kwa maana mzee angesema hapana, kwisha. Mzee akavua kofia. Akaenda mpaka nyuma ya gari, akainama kuangalia vile ilivyobana ukuta, akarudi bila haraka.

"Phineas," akasema, "nilikuwepo ulipoapa. Huyu ametoka ndani ya gari."

Mtu mmoja akaanza kucheka, halafu wote. Nilimwangalia mume wangu, maana najua kuchekwa kunamfanya nini. Aliachia usukani, akashuka, akajipangusa suruali, akachukua kifurushi mkononi mwangu. Alitembea mbele yangu mpaka kwenye basi la Kapsabet, na basi lilipokuja alikipandisha kifurushi mwenyewe, akaniambia, "Mwambie Mama nitakuja." Nikamuuliza atakuja na nini. Akasema, "Na miguu."

Nilifika kwetu kesho yake. Mama alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, uso wake umeelekea njia, lakini hakunigeukia nilipoingia uani. Nilipita mbele yake na hakuona. Nikapiga magoti, nikamfungua Hellen mgongoni, nikamweka mapajani mwake.

"Mama, ni mimi. Huyu ni Hellen."

Akampapasa kichwa, masikio, vidole. Akamwinua karibu kabisa na lile jicho moja, akamgeuza kwenye jua huku na huku. Nilingoja, nikaogopa kuuliza.

"Kavetsa," akasema, "huyu mtoto mzuri hivi, mbona ana vitu vyeusi shavuni?"

"Ni grisi, Mama," nikasema, nikaanza kulia, kwa sababu alikuwa ameiona.