Kitanda cha Dirishani

Kitanda cha chumba cha juu kilikuwa chini ya dirisha tangu mwaka wa maradhi, na Mama Pasi hakutaka mtu akiguse. Sakafuni ilibaki mikwaruzo mirefu ya miguu yake, kutoka ukutani hadi dirishani, na kila alipopiga deki mkono wake ulipita hapo polepole.

Jina hilo alipewa na wageni. Chumba cha juu alikikodisha kupitia kampuni ya mtandaoni, wiki mbili kwa huyu, siku tatu kwa yule, na hakuna aliyewahi kulalia shuka isiyopigwa pasi. Hata taulo alizipiga pasi. Marehemu mumewe, aliyekijenga chumba hicho kwa mkopo ambao mpaka leo haujaisha, alikuwa akimtania kwamba iko siku atayapiga pasi mapazia yakiwa yananing'inia.

Katika wageni wote, waliomkaa moyoni ni Mwalimu mstaafu na mkewe. Walikuja kila mwaka, msimu wa mvua, wakakaa mwezi mzima. Kabla hata ya kunywa maji, yule bibi alishika upande mmoja wa kitanda na kusema, "Mama Pasi, shika huko." Wakakiburura hadi dirishani, bibi apate kuisikia mvua karibu na kichwa chake, huku Mwalimu akiulalamikia upepo na kifua chake kibovu. "Mtaniua nyinyi," alikuwa akisema, na usiku akalala fofofo. Asubuhi bibi alishuka kwenye chumba cha pasi akasaidia kukunja foronya, wakapiga soga mpaka chai ikapoa. Walipoondoka, kitanda kilirudishwa ukutani. Mwaka ule wa mwisho Mama Pasi alikisogeza dirishani yeye mwenyewe mapema, ili awashangaze. Kisha maradhi yakaingia, safari zikafungwa.

Sasa Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Naye alikuwa na vyumba viwili vya wageni nyuma ya duka lake la kunyolea, na ndiye aliyewakusanya wenzake kuidai kampuni fidia. Mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko mkasi wake, lakini safari hii ulifaa: kampuni ilikubali kulipa sehemu ya hasara kwa kila mgeni aliyeghairi kwa sababu ya maradhi.

"Wote tumepita, dada, isipokuwa wewe. Wanasema mgeni wako hakughairi. Ulighairi wewe."

"Ni kweli. Nilibonyeza mimi."

"Kwa nini jamani?"

"Wangeghairi wao, wangekatwa nusu ya pesa. Nikighairi mimi, wanarudishiwa zote. Mwalimu alinipigia, anaona haya hata kusema. Ningefanyaje?"

Kinyozi alishika kichwa. "Ukajifunga goli mwenyewe! Basi mpigie. Aandike mistari miwili tu kwamba aliyetaka kughairi ni yeye. Wala si uongo."

Haukuwa uongo, kweli. Na benki haikuwa na utani. Mfamasia wa mtaa wa pili alitaka kukipanga chumba cha juu mwaka mzima. Fidia isipopatikana, angehamia mwezi ujao, na habari za wageni zingekwisha. Hata hivyo Mama Pasi hakuwa amempigia Mwalimu tangu mwaka ule. Aliogopa. Maradhi yale yalikuwa ya kifua, na kifua cha Mwalimu alikijua. Maadamu hakuuliza, Mwalimu alikuwa hai mahali fulani, akiulalamikia upepo.

Alipiga simu akiwa ameketi juu ya kile kitanda.

"Haloo?"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu mwenyewe. Furaha ilimpanda Mama Pasi hadi akacheka. "Shikamoo, Mwalimu! Ni mimi, Mama Pasi. Kifua je?"

"Marahaba, mwanangu! Kifua kipo, kinanisumbua kama zamani."

"Nipe bibi basi nimsalimie."



"Bibi alitutoka, mwanangu. Mwaka uleule. Mimi ndiye niliyeugua kwanza, yeye akaniuguza."

Mama Pasi alilia bila kujizuia. Miaka yote hiyo alimwogopea Mwalimu peke yake. Bibi hakumwogopea hata siku moja.

"Siku ile nilipokupigia," Mwalimu aliendelea, "alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Usighairi, ananiambia, mwambie tunaahirisha tu. Mimi nikaona nitakuchosha na maneno. Mpaka anaondoka alikuwa akisema, tuna chumba chetu kwa Mama Pasi." Akakohoa kidogo. "Haya, ulikuwa na shida gani?"

Ile mistari miwili ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mama Pasi akaimeza.

"Sina shida, Mwalimu. Nilitaka kuwajulia hali."

"Chumba bado kipo?"

Aliitazama mikwaruzo ya sakafuni. "Kipo."

"Basi mvua zikianza nitakuja. Kitanda kiko ukutani?"

"Kiko dirishani. Tangu mwaka ule."



"Kiache hukohuko," alisema Mwalimu.

Jioni Mama Pasi alipoingia dukani, Kinyozi alimwacha mteja nusu kichwa. "Ameandika?"

"Hajaandika. Anakuja."

"Anakuja? Na benki je?"

"Mfamasia nitampa chumba changu cha chini. Mimi nahamia chumba cha pasi."

"Utalala na mapasi, dada?"

"Nimelala miaka na mume anayekoroma. Pasi itanishinda?"

Mteja alicheka. Kinyozi hakucheka, alisema atakuja kumsaidia kubeba kabati.

Kesho yake, nguo zake zikiwa bado zimetapakaa kwenye ngazi, Mama Pasi alipanda juu na foronya mbili zenye joto la pasi. Aliuvisha mto wa Mwalimu. Ule mwingine, wa upande wa dirisha, alisimama nao kitambo, kisha akauvisha nao, akaulaza mahali pake. Akalifungua dirisha kidogo. Mvua ilikuwa bado mbali.