Ngozi Haikusinyaa

Muuza sabuni wa mlango wa pili anadai kwamba siku ile Fundi Viatu alimrushia shemeji yake kiatu kikampata shavuni. Si kweli. Kiatu alikiweka mezani, taratibu, akasema, "Ngozi yako inasinyaa, shemeji. Siku hizi unaniuzia takataka." Ila yapo maneno yanayouma kuliko kiatu. Shemeji, kaka wa mkewe, aliyemletea ngozi tangu enzi za uchumba, alifunga mzigo wake akaondoka. Hakurudi.

Fundi hakusema uongo. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa vinambana, pea baada ya pea, na kila pea aliishona juu ya kalibu ileile ya mti, mfano wa mguu wake, aliyoichonga akiwa kijana. Mteja yeyote aliyekaa kwenye kigoda chake alipimwa upya kwa utepe, hata kama alikuja juzi. Mguu wa Fundi peke yake haukupimwa. Mtu mzima ameshamaliza kukua, apimwe nini? Kalibu ni ileile, mguu ni uleule. Basi mbaya ni ngozi.

Mengine aliyaona mkewe. Pete imegoma kutoka kidoleni. Sauti imezama, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Taya limejitokeza.

"Baba watoto, unakua," alimwambia siku moja wakila.

"Nikue kwa chakula hiki?"

Wakacheka. Lakini kichwa kilikuwa hakiachi kumgonga, na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea soli, ulikuwa umeanza kumponyoka.

Hospitalini, daktari, binti wa rika la mwanawe, aliwachorea kichwa cha mtu kwenye karatasi.

"Hapa chini ya ubongo pana tezi, ndogo kama punje ya mbaazi. Ndiyo inayouambia mwili ukue, na ndiyo inayouambia basi. Seli zake zimezaliana kupita kiasi zikafanya uvimbe, na uvimbe huo unamwaga homoni ya ukuaji kama bomba lililokatika koki. Si saratani, mzee wangu. Lakini tukiuacha, utaudhuru moyo, na macho pia."

Fundi aliitazama miguu yake, visigino vikining'inia nje ya ndara.

"Kwa hiyo ngozi haikusinyaa."

"Ngozi gani?" daktari aliuliza.

Mkewe aliinama, hajui acheke au alie.

Uvimbe waliutoa kwa kupitia puani. Vipimo vya damu vikashuka polepole. Vidole vikapungua unene, pete ikaanza kuzunguka, msharasi ukatulia mkononi. Nyama ilirudi nyuma; mifupa ikabaki pale ilipofika. "Mifupa haijui kurudi kinyumenyume," Fundi alisema, wala hakununa. Alikuwa analala usingizi mzito, na akiwa kazini aliimba kwa ile sauti yake mpya, mpaka muuza sabuni akazima redio ili amsikie.

Leo asubuhi mkewe alimkalisha kwenye kigoda cha wateja.

"Lete mguu."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu? Tulia, mteja msumbufu wewe."

Alikuwa bado amepiga magoti na utepe wake mlango ulipoingia giza. Kaka yake alikuwa amesimama kizingitini, bunda la ngozi kwapani. Aliitwa na dada, na dada haiti mara mbili bila kujibiwa.

"Nimesikia kuna mgonjwa."

"Alikuwepo," Fundi alisema. "Karibu ukae, shemeji."

"Nimezoea kusimama." Akautazama mguu. "Huo ni wako, au umeazima?"

"Wangu. Ulikuwa unakua, mimi nikailaumu ngozi yako. Nilikukosea, shemeji, tena mbele ya watu."

Mkewe Fundi akaukunja utepe, akaukunjua.

Fundi alichukua kalibu ya zamani, akaiweka sakafuni sambamba na unyayo wake, kisigino kwa kisigino. Vidole vilikuwa vimeipita mbali.

"Nachonga nyingine," alisema. "Nataka kujishonea pea moja ya kutembelea. Nikatie ngozi yako, shemeji. Ileile."

Shemeji alichuchumaa, bunda bado kwapani. Akaweka kidole gumba pale kalibu ilipoishia, akakisogeza taratibu juu ya sakafu hadi pale mguu ulipoishia, akakiacha hapo.