Reli Isiyopita Mlangoni

Mzee yule aliingia kwenye ploti ya Wangoi, pale Kabiro, bila hodi. Alivaa kofia ya reli iliyopauka na koti lililoshikwa na kifungo kimoja tu, akauliza kama hapa ndipo penye treni.

Wangoi alikuwa barazani akichagua maharagwe. Alimkagua mgeni kuanzia chini, na alipomaliza viatu akaona hana haja ya kupanda zaidi. Mwenye viatu vile hakuja kukodi nyumba.

"Treni?" akamuuliza. "Mzee, hii ni Kawangware. Reli iko Kibera. Umeiacha nyuma ukakuja kuitafuta kwa ploti yangu?"

"Ndiyo, mama," mzee akajibu bila kuudhika. "Mimi ni Wekulo, wa Mashimoni, huko huko Kibera. Kuna kijana hapa anaitwa Lazarus. Alibeba spoki zote mbovu za fundi wetu wa baiskeli. Nikamuuliza ni za nini, akasema ni za reli. Na mimi nilikuwa mtu wa pointi mpaka nikastaafu."

"Mtu wa pointi ndiye nani?"

"Ndiye huvuta chuma, treni ikajua itashika njia gani."

"Kumbe kuna mtu alikuwa anapewa mshahara kwa hiyo," Wangoi akasema, akatupa kijiwe alichokipata kwenye maharagwe.

Lakini aliinuka, kwa sababu naye alikuwa na neno na Lazarus. Mwanawe Irungu alikuwa ameoa, na Jumamosi ile angehama Kibera na mkewe Wanja. Wangoi alikuwa ameshaamua kwamba wataingia katika nyumba ya Lazarus, chumba cha pembeni chenye dirisha kubwa. Wapangaji wengine walikuwa na wake na watoto wa kupiga kelele. Lazarus alikuwa peke yake, fundi wa redio mpole aliyetoka pande za ziwa, na kwa hesabu ya Wangoi mtu mpole ni rahisi kumhamisha kuliko kiti.

Hakuwa ameingia humo tangu mwaka uanze. Aliusukuma mlango, ukafunguka nusu, ukagonga mbao.

Ubao ulizunguka kuta zote nne, kimo cha kifua, ukabakiza katikati shimo la mtu mmoja kusimama. Ili kuingia ilibidi uiname upite chini yake kama kuku. Kitanda nacho kilikuwa huko chini, maana yake mtu huyu alikuwa akilala chini ya Bonde la Ufa. Juu ilikuwa reli nzima ya Nairobi mpaka Kisumu kwa udogo: spoki za baiskeli zilikuwa zimenyooshwa na kuunganishwa kwa risasi ya kuyeyusha, zikalazwa juu ya mataruma ya njiti za kiberiti. Karibu na mlango palikuwa Kibera, vibanda vya bati la mikebe vimesongamana mpaka ukingoni mwa reli. Kisha ilifuata milima ya magazeti yaliyorowekwa katika uji wa unga wa ngano. Mwisho kabisa, penye pembe ya dirisha, kipande cha kioo kilikuwa kimelazwa chali, nacho ndicho kilikuwa ziwa.

Wangoi aliitazama milima ile akaona chapati zilizopotea.

Mwanamume wa umri wa Lazarus, kwa maoni yake, alipaswa awe na mke, au shamba, au walau adui. Huyu alikuwa na kichwa cha treni kisichozidi mche mdogo wa sabuni, kimekatwa kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia, na ndani yake mota ya kaseti.

"Kinaenda?" Wekulo akauliza. Alikuwa amevua kofia kama yuko kanisani.

"Kinaenda mpaka Kisumu, mzee," Lazarus akasema, uso umemchangamka. "Stima inapita kwa reli zenyewe. Hii ya nje nimeipa waya nyekundu, hii ya ndani nyeusi. Kikifika kwa ziwa nabadilisha waya, kinarudi kinyumenyume."

"Kinyumenyume mpaka Nairobi?" Mzee aliumia kweli. "Na abiria ndani? Treni irudi na mgongo kama mtu anatoroka mbwa? Hapana, kijana. Reli yetu ni nyembamba lakini ina heshima. Weka mzunguko hapo ziwani. Iingie kwa pointi, izunguke, itoke ikiangalia Nairobi."

"Hakuna cha kuzunguka," Wangoi akawakatiza kutoka mlangoni. "Lazarus, Jumamosi nataka nyumba. Irungu ameoa."

Lazarus akasimama pale shimoni kwake, waya mkononi. Hakubisha, na kutobisha kwake kulimkera Wangoi zaidi.

"Nyumba nyingine nitatafuta, Mama Irungu," akasema polepole. "Lakini huu ubao haupiti mlangoni."

"Kwani uliingia aje?"

"Uliingia vipande vipande. Nikauunganisha humu ndani, nikaupigilia kwa nguzo za ukuta. Sikufikiria mambo ya kutoka."

Wangoi alicheka mpaka akashika kizingiti. Alitoka nje akawasimulia wanawake waliopanga mitungi kwenye mfereji. "Amejijengea ndani kama mchwa! Hakufikiria mambo ya kutoka!" Syombua, mpangaji wa nyumba ya kwanza, alicheka akamwaga maji. "Haidhuru," Wangoi akaendelea. "Irungu atakuja na msumeno."

Lazarus alitoka kwa magoti chini ya ubao, vumbi kwenye suruali. "Mama Irungu, nipe mpaka hiyo Jumamosi. Nataka tu niione ikienda nyumbani na kurudi mara moja. Halafu mkate."

Ombi lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kutia kichefuchefu. Na wanawake walikuwa wakisikiliza, na Wangoi hakuwahi kuacha watu wakisikiliza bure.

"Sikiza nikwambie," akasema kwa sauti ya kutosha ploti nzima. "Ikienda mpaka kwa hicho kioo chako, igeuke kama huyu mzee anavyosema, irudi Nairobi bila mtu kuigusa, kaa. Kaa na nyumba, kaa na mbao zako, hakuna mtu atakuhamisha. Mimi Wangoi nimesema, na hawa wamesikia."

Aliahidi kama mtu anayemwahidi punda mahari.

Wiki ile Wekulo alikuja kila siku kutoka Mashimoni. Wangoi aliwasikia wakibishana juu ya pointi, mmoja akiongea kama treni ni ya tani mia, mwingine akipuliza risasi isimchome kidole. Yeye alikuwa na shughuli za maana. Jumatano iliyofuata ilikuwa zamu yake kuwakaribisha akina mama wa kanisa, zamu aliyoingoja tangu mwaka jana. Alikuwa amepaka sebule rangi ya maziwa. Kulikuwa na seti ya makochi yenye vitambaa vya kufuma kila mgongoni, na kabati la vioo ambalo hakuna mwenzake aliyekuwa nalo. Swichi kuu ya stima ya ploti nzima ilikuwa humo humo, juu ya kabati, ili yeyote anayetaka mwanga ajue unatoka kwa nani.

Jumamosi Irungu akafika na mkokoteni: kitanda, godoro, masanduku, na msumeno juu ya kila kitu. Wanja alifuata nyuma, amebeba sufuria mikononi.

"Sasa, Mathe," Irungu akasema. "Huyo jamaa ametoka?"

"Ngoja kwanza acheze," Wangoi akamjibu, akamsimulia ile ahadi, akaenda kuwasha swichi.

Watu walijaa dirishani. Lazarus aliunganisha transfoma aliyoitoa kwenye redio mbovu. Transfoma ikavuma kama nyuki, kisha ikaanza kunuka. Kichwa cha treni kikakaa palepale Kibera, hakikutikisika hata kidogo. Akazima, akapangusa reli, akawasha. Ikavuma, ikanuka.

"Pointi iko sawa!" Wekulo akalia. "Nimeiangalia mimi mwenyewe!"

"Jana ilikuwa inaenda," Lazarus akasema. "Kabla tufunge mzunguko ilikuwa inaenda."

"Mathe, niingie na msumeno?" Irungu akauliza.

"Ngoja. Nataka ishindwe vizuri, mtu asiseme nilimwonea."

Na kwa sababu ya dharau tu, kwa kutaka kuwaonyesha wanaume wawili jinsi walivyo wajinga, Wangoi aliinama na rinda lake la Jumamosi, akapita chini ya ubao, akatokea shimoni katikati. Akaweka kidole kwenye reli ya nje, ile yenye waya nyekundu, akaifuata. Kikapita Kibera, kikapita milima ya magazeti, kikafika ziwani, kikazunguka na ule mzunguko wa mzee. Kilipotoka upande wa pili kilikuwa juu ya reli ya ndani, ile nyeusi.

Akasimamisha kidole.

"Nyinyi," akasema. "Nyekundu imezunguka ikaja kushikana na nyeusi. Mnashangaa nini? Fundi wangu wa stima alinikataza hizo mbili zikutane hata kwa bahati mbaya. Wa nyumba ya tatu alizikutanisha, akachoma boksi yangu yote. Treni kubwa haina stima kwa reli, mzee! Hii iko nayo! Kofia yote hiyo kichwani na hukuona?"

Kisha Lazarus akapiga paji la uso wake, akachukua blade ya msumeno wa chuma. Alikata reli zote mbili pale mzunguko ulipoanza na pale ulipoishia, akaupa mzunguko waya zake peke yake. Kwenye njia kuu akaweka swichi ya redio, ya kubadilishanisha nyekundu na nyeusi treni ikiwa bado inazunguka. Wangoi alibaki shimoni akimwangalia, na ndipo alipogundua alichokifanya. Ameitibu. Kwa mdomo wake mwenyewe.

Wakati huo Wanja alikuwa ameketi juu ya godoro nje, juani.

Lazarus akawasha. Kichwa cha treni kikatikisika, kikaondoka. Kilipita vibanda vya Kibera kikiwa na taa ndogo mbele, kikapanda kwa shida, kikashuka. Kilipoingia kwenye pointi ya Wekulo kiliyumba, mzee akafumba macho, nacho kikapita. Kikazunguka ziwa, na taa yake ikazunguka ndani ya kioo. Lazarus akabonyeza swichi. Treni ikatoka kwenye mzunguko ikiangalia Nairobi, ikarudi kwa mwendo wake wa kinyonga mpaka stesheni, ikasimama.

Lazarus alikuwa analia waziwazi. Wangoi akatazama pembeni. Mtu mzima kulilia mkebe.

"Amegusa!" Irungu akapaza sauti kutoka dirishani. "Mathe, ulisema bila kugusa. Amegusa swichi, nimemwona!"

"Ni kweli amegusa," Syombua akasema. "Lakini ni swichi tu."

Wote wakamgeukia Wangoi. Lazarus pia, na Wangoi akaona kwamba hangejitetea. Akiambiwa amegusa, atakubali, atamshikia Irungu ubao ukatwe sawasawa. Upuuzi wa kiwango hicho ulimshinda kabisa.

"Nilisema treni isiguswe," akasema. "Sikusema swichi. Stima ya ploti hii yote inatoka kwa swichi, na hakuna siku nimeambiwa nimewagusa nyinyi."

"Mathe, na sisi tutalala wapi? Mke wangu—"

"Nyamaza. Uliambiwa uoe mwezi huu?" Alipita tena chini ya ubao, akatokea nje rinda limejaa vumbi la magoti ya Lazarus. Aliufuata mkokoteni, akaushika mwenyewe kwa mbele. "Leta hii kitanda kwangu. Weka sebuleni, upande wa dirisha."

"Sebuleni? Na Jumatano akina mama—"

"Watakaa nje. Wana miguu mizuri."

Irungu alijaribu kuingiza kitanda, kikakataa. Makochi yalikuwa yamejaa kila mahali. Basi yakatolewa moja moja mpaka barazani, na vitambaa vyake vya kufuma, mbele ya macho ya ploti nzima. Kabati la vioo lilikuwa zito. Lazarus na Wekulo walikuja kusaidia bila kuitwa, na Wangoi akawakaripia njia nzima kwamba watavunja, kwamba mikono yao imezoea vitu vya kitoto, kwamba mzee avue hiyo kofia aone anakokwenda.

Kabati likapita mlangoni bila kukwaruzwa.

"Liwekeni hapo," Wangoi akasema, akionyesha ukuta wa nje chini ya upenu wa bati. "Na wewe Lazarus, rudi kwa nyumba yako. Sijasema uhamie kwangu pia."