Pumba Nilizowachanganyia Kware wa Modesta

Jirani yangu Dorcas ndiye aliyenitia maneno: eti kware wanaokua haraka hapa Mkolani wanalishwa vidonge, na mtoto akila nyama yao anavimba. "Mama Modesta, kifaranga wa juzi leo ana kifua kama cha mpiga debe! Chakula gani hicho?" Nilicheka, lakini neno lilikataa kutoka kichwani.

Binti yangu Modesta alikuwa na kware sitini, thelathini banda la juu, thelathini la chini. Wote wameagizwa na Bi Mwaija wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kwa harusi ya mwanawe. Chakula alichanganya mwenyewe. Akienda kazini nalisha mimi. Basi nikawa nakipunguza nusu cha banda la chini, najazia pumba za mahindi. Nilianza na hilo kwa sababu Modesta hulichungulia mara chache.

Wiki ya nne akaleta mizani ya jikoni. Wa juu, gramu mia na hamsini. Wa chini, tisini na tano.

"Mama, hawa wa chini ndio wanaomaliza chakula mapema. Mbona wamedumaa?"

Nikamweleza ukweli. Akasema, "Kumbe umewafungisha Kwaresima!"

Hakunigombeza. Alimimina chakula chake kwenye ungo: mahindi ya kuparaza, soya iliyokaangwa, mashudu ya alizeti, unga wa dagaa, chokaa ya mifugo. "Kidonge kiko wapi? Tumbo la kware ni kama kisoda, mama. Ukilijaza pumba anashiba kabla hajapata cha kujengea nyama."

Mimi wa darasa la saba nikajiuliza: Huyu nimemzaa mimi?

Aliwarudishia chakula kizito, wakaanza kujaa, ila harusi haikungoja. Akampigia simu Bi Mwaija. "Shikamoo mama. Thelathini wako tayari. Waliobaki wembamba, siwezi kukuletea." Hakunitaja, wala hakusingizia ugonjwa.

"Marahaba. Mwingine angenichanganyia tu," akasema Bi Mwaija. "Lete walionona, pengo nitaliziba kwa kuku."

Modesta akavuka na tenga moja badala ya mawili.

Wewe mama unayefuga, usifanye haya:

Usiongeze pumba ili chakula kiwe kingi.
Usiwape vifaranga wa kware chakula cha kuku wakubwa.
Usinunue dagaa walioanikwa mchangani, unalisha mchanga.
Usidanganyike na kware anayekula sana, mpime.
Usibadili chakula bila kumwambia mwenye kware.